Shangazi, Mgongo na Kalamu Inayoanguka

Shangazi yangu ni nesi, lakini hachomi sindano. Jambo hili limenisumbua tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nikisema shangazi yangu ni nesi, watu huuliza ni wa hospitali gani, na nikisema hana hospitali, wananitazama kana kwamba nimesema ni rubani asiye na ndege. Mwaka huu mwalimu wetu wa sayansi aliniuliza mbele ya darasa zima, "Sasa kama hachomi sindano wala hatoi dawa, anafanya nini kutwa nzima?"

Nikamjibu, "Anaenda kwa watu walioumia kazini, anawaangushia kalamu."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia mlangoni. Lakini ndivyo ilivyo, na nitaeleza.

Mtu akiumia kazini, tuseme ameanguka kutoka kwenye ngazi, daktari anamtibu halafu anamwambia, umepona, nenda. Aende wapi? Mwajiri anaogopa kumpokea asije akaumia tena. Watu wa bima wanataka arudi kazini jana. Mke wake anataka arudi juzi, maana amechoka kufundishwa jinsi ya kukata vitunguu jikoni kwake mwenyewe. Na mgonjwa naye ana hofu yake ambayo haisemi. Hapo katikati ndipo anapoingia shangazi na mkoba wake mweusi. Anaongea na daktari, anaongea na bosi, anaenda mahali pa kazi kupima urefu wa meza na uzito wa mizigo, halafu anapanga: mwanzo nusu siku, kazi nyepesi, kiti chenye egemeo, hakuna kubeba. Taratibu, taratibu, mpaka mtu na kazi yake wanapatana. Mama yangu husema wifi yake ni msuluhishi wa ndoa, tofauti ni kwamba mume ni fundi bomba na mke ni bomba.

Sasa kalamu. Shangazi anasema ukimwuliza mgonjwa "unaumwa wapi?" atakujibu anachofikiri unataka kusikia. Mwenye hamu ya kurudi kazini atasema haumwi popote. Mwenye hofu atasema anaumwa mpaka kope. Kwa hiyo shangazi hakuulizi. Anakaa, anasifia mapazia, anauliza habari za watoto, halafu kalamu yake inamponyoka, inadondoka karibu na mguu wako. Na wewe, kwa sababu umelelewa vizuri, unainama kumwokotea. Umekwisha! Ameshaona kama umeinamia upande mmoja, kama umeshika meza, kama umetumia mkono uliosema hauinuki. Anakushukuru sana, anaweka kalamu mkobani, na wewe unamsindikiza mpaka nje ukifikiri mlikuwa mnapiga soga.

Shangazi anaishi kwetu, chumba cha mbele. Alikichagua kwa sababu dirisha linatazama barabarani, na burudani yake kubwa ni kuangalia watu wanavyotembea. "Yule ni goti la kulia," ananiambia. "Yule mama ana kiatu kinambana. Huyu kijana haumwi kitu, ni maringo tu." Kuna siku alimkimbilia mtu asiyemjua, akiwa na kanga na kandambili, kumwambia ahamishie mfuko bega la pili. Yule mtu alidhani anaibiwa.

Baba ni mdogo wake. Baba ana ndevu na kazini kwake anaongoza watu, lakini dada yake akiingia sebuleni anakaa wima kama mtoto wa chekechea. Na sote tunajua masharti ya kuinua kitu, hata mimi niliyaimba kabla ya kujua kusoma: piga magoti, mgongo wima, mzigo kifuani, na ukitaka kugeuka, geuka na miguu, usigeuke na kiuno. Nikiinua ndoo vibaya uani, nasikia sauti kutoka chumba cha mbele: "Magoti!" Sijui huwa anaonaje kupita ukuta.

Basi huyo ndiye aliyerudishwa nyumbani siku moja amelala kiti cha nyuma cha gari, uso umejikunja, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Nimeteleza kidogo," alisema.

Baba akauliza ameteleza wapi. Shangazi akamkata jicho, Baba akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ukweli tuliupata kesho yake, walipokuja kumtazama wapakuzi wa ghala la sabuni, wanaume wenye vifua kama makabati, wamebeba machungwa. Mama aliwakaribisha, na kabla shangazi hajawahi kuwanyamazisha kwa macho walishamwaga kila kitu. Kumbe alikuwa ameenda kuwafundisha kuinua mizigo. Kawaida hufundisha kwa boksi tupu. Wale jamaa waliona ni kumvunjia heshima mama mtu mzima kumpa boksi tupu kana kwamba hana nguvu, kwa hiyo, kwa adabu zao zote, wakalijaza sabuni.

"Na alilinyanyua, Mama," mpakuzi mkubwa alimwambia mama yangu. "Magoti, mgongo, kifua, vyote sawasawa. Tukapiga makofi."

"Sasa aliumiaje?" Mama aliuliza.

Wakatazamana. Yule mkubwa akashusha sauti, ingawa shangazi alikuwa amelala hapo hapo kwenye sofa. "Kuna mwenzetu alicheka huku nyuma. Mama huyu akageuka kumkaripia. Aligeuka na kiuno."

"Sikugeuka na kiuno," shangazi alisema akitazama dari.

"Uligeuka, Mama. Ukasema, 'Wewe unayecheka huko...' halafu ukasema, 'Yalaa!'"

"Nilikuwa nawaonyesha jinsi isivyotakiwa."

"Tumeelewa sana, Mama. Hatutasahau."

Wakasema walimbeba mpaka garini kwa mtindo ule ule aliowafundisha: magoti, mgongo wima, mzigo kifuani, na mzigo ni yeye. Mama alitoka mbio kwenda jikoni, akadai sufuria inaungua. Hapakuwa na sufuria. Nilimkuta ameshika sinki, mabega yanatikisika.

Daktari alisema mifupa ni mizima, ni misuli ya mgongo imevutika. Apumzike, afanye mazoezi, asiiname, asibebe. Na kwa kuwa aliumia kazini, ofisi yao ikabidi impangie nesi wa kumsimamia, kama majeruhi mwingine yeyote. Wakampangia binti mmoja mpole, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, ambaye shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Sisi tulimwita Nesi Mdogo. Shangazi alipopata habari alifunika uso kwa mto.

"Dada, si vizuri? Ni mwanafunzi wako," Baba alisema.

"Ndiyo ubaya wenyewe," sauti ilitoka ndani ya mto. "Nilimfundisha kila kitu."

Nilidhani ana aibu tu. Lakini lililokuwa likimchoma kuliko mgongo lilikuwa jambo lingine, na jambo hilo lilikuwa Mzee Chachu.

Mzee Chachu ni mwokaji katika kiwanda cha mikate. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu yeye akiingia zamu, kila kitu kinaumuka: unga, kazi, na kelele. Mashine ya kukandia ilidaka mkono wa sweta lake, ikamvuta, ikamvunja mkono wa kulia. Mfupa uliunga. Mazoezi alifanya. Daktari akasema amepona. Ila Mzee Chachu akawa anatembea na mkono ule ameubana kwapani kama kifaranga, na ukiitaja ile mashine anaomba maji ya kunywa. Shangazi alikuwa amemfuatilia kwa subira kubwa. Alishagundua kwamba mzee akisimulia jambo la kumchangamsha, mkono unatoka kwapani wenyewe na kupunga hewani, halafu akikumbuka anaurudisha. Alishawalazimisha wenye kiwanda waweke kifuniko cha wavu kwenye mashine. Sasa siku ya kurudi ilikuwa Jumatatu, na msimamizi wa kiwanda alikuwa amesema wazi: mzee asipoanza Jumatatu, nafasi yake inakwenda kwa kijana anayemshikia, moja kwa moja.

Naye Mzee Chachu alipiga simu. Nilisikia kwa sababu shangazi huweka simu kwenye spika, anasema kushikilia simu na shingo kunaharibu shingo.

"Nesi, nimesikia umeumia."

"Ni kidogo tu, mzee."

"Basi bila wewe mimi pale sikanyagi. Wampe huyo kijana. Nitakaa nyumbani nifuge kuku."

"Nyumbani kwako hakuna hata pa kufugia kuku, mzee. Nitakuja. Hata kwa machela nitakuja."

Alipokata simu, alijaribu kuketi, akasema yalaa, akalala tena. Ndipo nilipoelewa kwa nini anataka kupona kabla ya Jumatatu kwa kufa na kupona.

Ijumaa, Nesi Mdogo alikuwa anakuja. Asubuhi ile shangazi alitukusanya kama kocha. Alikuwa amevaa gauni la kazi, amejipaka poda, ameketi kwenye sofa wima mno, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Wewe," aliniambia, "ukiulizwa, jana nilitembea mpaka dukani."

"Lakini hukutembea, Shangazi."

"Nilikusudia. Na wewe," akamgeukia Baba, macho tu, shingo haikufuata, "utasema nalala vizuri."

Baba akaitikia kwa kichwa. Sote tukamtazama Mama.

"Mimi sisemi uongo, wifi," Mama alisema. "Ila naweza kukohoa."

Nesi Mdogo alifika, akavua viatu mlangoni, akasalimia kila mtu kwa zamu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mimi mzima kabisa, hata sijui umekuja kufanya nini. Labda unywe chai."

Nesi Mdogo akakaa. Akasifia mapazia.

Nilimwona shangazi akikodoa macho.

Nesi Mdogo akaniuliza habari za shule, akamwuliza Mama kama mvua iliingia ndani. Mama alikohoa, ingawa swali halikuhitaji kikohozi. Halafu, kwa upole kabisa, kama jani linavyoanguka, kalamu ilimponyoka Nesi Mdogo, ikadunda sakafuni, ikatulia karibu na kidole gumba cha mguu wa shangazi.

Sote tulijua. Shangazi aliitazama kalamu. Akamtazama Nesi Mdogo. Nesi Mdogo alikuwa anatazama mapazia.

Sijui kichwani mwake kulipita nini. Angeweza kusema, "Hiyo kalamu nilikufundisha mimi," tukacheka, yakaisha. Lakini alikuwa na Jumatatu yake. Akajikaza kisabuni, akatabasamu, akainama. Aliinama vizuri, lazima niseme. Aliifikia kalamu, akaishika.

Halafu hakuinuka.

Tulisubiri. Kichwa chake kilikuwa usawa wa magoti, poda inaanza kung'aa kwa jasho.

"Mwalimu?" Nesi Mdogo aliita.

"Naam," sauti ilijibu kutoka chini.

"Uko sawa?"

"Sana. Naangalia huku chini ya sofa. Wifi, huku hakujafagiliwa."

Mama alisahau kukohoa. "Wifi! Nimefagia leo asubuhi kwa mikono yangu hii!"

"Kuna vumbi. Na kuna soksi."

"Soksi ni ya mdogo wako!"

"Basi acheni niitazame vizuri," shangazi alisema, na sauti yake ikapasuka mwishoni. Baba akaruka kutoka kitini, nami nikashika upande wa pili, na Nesi Mdogo akawa anatuelekeza kwa ile sauti ya kubembeleza: "Magoti, Baba. Mgongo wima. Mlete kifuani." Tukamrudisha kwenye sofa pole pole kama kabati la vyombo. Mkononi alikuwa bado ameshika kalamu. Akamkabidhi mwenye nayo.

"Asante, Mwalimu," Nesi Mdogo alisema. "Jumatatu hapana."

Nilitegemea shangazi angefoka. Badala yake macho yalimjaa maji. Alimweleza Nesi Mdogo habari zote za Mzee Chachu, mkono wa kwapani, kijana anayesubiri, kuku ambao hawana pa kukaa. "Yule mzee bila lile tanuri atazeeka kwa wiki," alisema. "Na unauma, mwanangu. Mgongo unauma vibaya mno, sijapata kuona." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo tangu aletwe.

Nesi Mdogo akaweka kalamu kando. "Mwalimu, huyu angekuwa mgonjwa wako, ana jambo la lazima Jumatatu na mgongo kama huo, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia aache ukaidi."

"Halafu?"

Shangazi akavuta pumzi. "Ningempangia kazi nyepesi. Saa chache tu za asubuhi. Kiti chenye egemeo na mto. Asibebe hata mkoba wake. Asiiname kwa lolote." Akavuta mdomo. "Na awe na mlinzi kutoka nyumbani, kwa sababu wagonjwa wa aina hiyo hawaaminiki."

"Nami nimekubali, daktari akikubali," Nesi Mdogo alisema. Akatupima kwa macho mmoja mmoja. Baba akatazama chini. Mimi nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. "Mlinzi atakuwa Mama wa hapa nyumbani. Nyie wengine mnamwogopa Mwalimu."

Daktari alikubali kwa simu. Mama alikubali kwa furaha ambayo, kwa maoni yangu, ilizidi kipimo.

Jumatatu nilikwenda nao, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyesema nisiende. Mama alibeba mkoba mweusi begani na mto kwapani. Shangazi alitembea katikati yetu, hatua fupi fupi, kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Mzee Chachu alikuwa nje ya geti la kiwanda. Amevaa aproni safi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkono wa kulia kwapani. Harufu ya mkate ilikuwa inatoka nje kumpokea, lakini yeye alikuwa amejishika kwenye nguzo ya geti. Alipomwona shangazi anavyotembea, mdomo ulimwanguka.

"Nesi! Hivi ndivyo umekuwa?"

"Nimeumia kazini, mzee."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Mama akajibu kwa niaba yake. "Alikuwa anafundisha watu wasiumie."

Mzee Chachu alianza kucheka taratibu, halafu kicheko kikamzidi, mkono ukachomoka kwapani ukapiga paja. Shangazi alipita getini, Mama akawa anasimulia, na mzee akawafuata huku anafuta machozi, akiuliza, "Ehe, halafu? Sabuni? Boksi zima?" Tulipofika ndani ndipo alipogundua kwamba yuko ndani.

Ndani kulikuwa na joto, unga umekaa juu ya kila kitu mpaka kwenye redio, trei zimepangwa kufika darini. Waokaji wote waliacha kazi kumsalimia. Na mwisho wa chumba, mashine. Ni bakuli la chuma ambalo mimi ningeweza kuoga ndani yake, na juu yake chuma kilichopinda kama kidole kinachomwita mtu. Wavu mpya ulikuwa unameremeta. Mzee Chachu alisimama mbali nayo na kicheko kikafa.

Kiti cha shangazi kiliwekwa kando ya mashine, Mama akapanga mto. Shangazi akaketi, akampa mzee ufunguo mdogo. Hiyo ni desturi yake: siku ya kwanza mashine inazimwa, na ufunguo wa swichi unakaa mfukoni mwa aliyeumizwa nayo. Hakuna mwingine anayeweza kuiwasha, hata bosi.

"Leo huna kazi nayo," shangazi alimwambia. "Kazi yako ni meza ile ya kupima unga. Ila kwanza njoo uisalimie. Uiguse tu."

Mzee aliuweka ufunguo mfukoni. Mkono ukarudi kwapani. Hakusogea.

Msimamizi, mwanamume mwenye kofia ya karatasi na wasiwasi mwingi, alitazama saa ya ukutani. "Mzee, sisi tunakuheshimu sana. Lakini kama haiwezekani, sema. Kijana yuko tayari."

Yule kijana, masikini, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Labda haiwezekani," Mzee Chachu alisema polepole. Alianza kufungua kamba ya aproni kwa mkono wa kushoto.

Nilimwona shangazi ameishiwa mbinu. Alinyoosha mkono kwa Mama apewe daftari na kalamu, labda apate kitu cha kushika tu, na vidole vyake vilikuwa na jasho, na kalamu ilikuwa imeshakula unga wa mle ndani. Ikamteleza. Ikagonga sakafu, ikabingirika, ikapita mguu wa kiti, ikaingia chini ya mashine.

Na shangazi, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaanza kuinama kuifuata.

"Wifi!" Mama alipiga kelele.

"Wewe nesi, tulia hapo hapo!" Mzee Chachu alinguruma kwa sauti iliyowashtua waokaji wote. "Mgonjwa gani huyu! Unataka tukubebe tena kama sabuni?" Na hapo alikuwa ameshafika. Alipiga magoti, mgongo wima, akajilaza ubavu, akaingiza mkono chini ya mashine mpaka begani. Mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umemshika shangazi goti asije akainama.

Tulisikia anapapasa huko ndani. Akatoa kijiko kilichopotea siku nyingi. Akaingiza tena, akatoa kalamu, imevaa vumbi jeupe. Alikuwa bado amekaa sakafuni alipoanza kutazama kile alichoshika, halafu mkono ulioshika, halafu chuma kilichokuwa juu ya kichwa chake.

"Umefanya makusudi," alimwambia shangazi.

"Haki ya Mungu imeniponyoka!"

"Nesi, kalamu yako ilianguka kwangu sebuleni, ikaanguka hospitali, ikaanguka kwenye mazishi ya shemeji yangu. Mimi nakujua."

"Mzee, safari hii ni kweli!"

"Sawa, sawa." Alijishika kwenye bakuli la mashine ili ainuke, kwa mkono ule ule, akasimama. Hakuuondoa haraka. Aliipigapiga ile mashine ubavuni kama mtu anayemzoea tena ng'ombe aliyewahi kumpiga teke. Uso ulikuwa umelowa, na si kwa joto peke yake. Halafu akageuka. Aligeuka na miguu, niliona.

"Nani anafagia huku chini?" alifoka. "Vumbi gani hili? Na wewe kijana, hebu nione huo unga. Huu ni unga au uji?"

Kijana alileta donge haraka, anatabasamu mpaka masikioni, na mzee akalibonyeza kwa vidole vyote vya mkono wa kulia. Msimamizi akavua kofia ya karatasi, akajikuna kichwa, akasema basi hayo yamekwisha, na kila mtu arudi kazini. Mama alikuwa amejishika mdomo. Aliposikia "vumbi" tu, alimtazama wifi yake, na wifi yake akaangalia ukuta.

Mzee Chachu alifanya kazi asubuhi ile kwenye meza ya kupima, amekaa, kama ilivyopangwa. Kila alipotaka kuinuka kwenda kwenye tanuri shangazi alimkemea, na kila shangazi alipojaribu kuvuta kiti amfuate, mzee alimkemea yeye. Walimaliza nusu siku wakiwa wamechoka kwa kukemeana. Sasa hivi mzee ameshafika mpaka kwenye mashine, ufunguo bado anao mfukoni, na msimamizi ameacha kumwomba. Kijana anajifunza kwake. Kila Ijumaa unaletwa kwetu mkate ambao hakuna aliyeuagiza.

Nesi Mdogo alikuja jioni ile ya Jumatatu. Hakusifia mapazia safari hii. Alimgeukia Mama moja kwa moja. "Mlinzi, aliinama?"

Shangazi akamkodolea Mama macho ya kumwomba. Mama akaweka kikombe chini taratibu, anaifurahia kila sekunde.

"Aliinama," alisema. "Nusu."

"Wifi! Kumbe wewe ni mpelelezi!"

"Nami nilisema sisemi uongo. Na kikohozi kimepona."

Shangazi akaongezewa siku za kulalia mto. Alinuna mpaka wakati wa kula.

Mimi bado nilikuwa na swali langu, nalo halikuniacha. Je, ile kalamu iliteleza kweli? Nilimwuliza, akaapa. Lakini nimemwona akiwaapia wagonjwa kwa sauti hiyo hiyo. Kwa hiyo jana, wakati wa chai ya asubuhi, nilifanya majaribio ya kisayansi. Niliongea habari za mapazia. Halafu nikaacha kalamu yangu ya shule iniponyoke, ikaanguka karibu na mguu wake, nikatazama dirishani kana kwamba sijui.

Shangazi aliendelea kupaka siagi mkate wa Mzee Chachu. Hakuitazama kalamu wala hakunitazama mimi.

"Okota mwenyewe," alisema. "Magoti."